Kava la jakuzi linakula luku, limekuwa zito, linatoa mvuke: anza kukagua hapa

Kila baridi ya mwezi wa sita ikianza maswali ni yaleyale, Mbeya mjini, Uyole, Tukuyu, Iringa, Mafinga mpaka Njombe, na karibu yote yanaanza na "hita yangu imekufa". Mara nyingi hita haijafa bana. Inapiga kazi usiku kucha kama punda wa kubeba maji, afu joto lote linapaa kwa sababu ya kava. Nimepanga shida kwa dalili, ile inayoletwa sana ndo ya kwanza, na ndani ya kila dalili naanza na sababu ya kawaida na ukaguzi wa bure usiohitaji hata spana. Ukifika penye "acha, ita fundi" naomba uache kweli.

Kitu kimoja ushike kabla hatujaanza: kava la jakuzi linaoza kuanzia chini, kwa mvuke wa jakuzi lenyewe, mvua mara nyingi inasingiziwa tu. Mtu anaenda dukani anapapasa leza ya juu (lile gamba la ngozi ya bandia), anasifia rangi, anauliza unene, hata siku moja hageuzi kuangalia tumbo la kava, na tumbo ndo linalopigwa na mvuke wenye klorini masaa 24.

LUKU INAISHA HARAKA NA ASUBUHI MAJI YAMEPOA

Tupige hesabu kwanza maana hapa watu wanaibiwa sana na mafundi. Jakuzi la watu wanne watano linabeba kama lita 1,200. Maji hayo yakishuka nyuzi 10 usiku mmoja, kuyarudisha kunakula kama uniti 14. Kwa tarifu ya kawaida ya TANESCO, sio ile ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, uniti moja na makato yake inakuja kwenye shilingi 350 na kitu, kwahiyo ni buku tano inaondoka kila usiku kabla hujaingiza hata mguu. Na hita ya kilowati 3 inataka karibu masaa matano kufanya hiyo kazi, ndo ile "nimewasha tangu mchana bado vuguvugu".

Sasa linganisha. Kava lenye povu (lile gumu jeupe la ndani, kama la boksi za tivii) kavu la inchi 4, jakuzi la mita 2 kwa 2, maji nyuzi 38 na nje nyuzi 8, joto linalopita kwenye povu lenyewe ni kama uniti moja kwa masaa 24. Moja! Zilizobaki nyingi zimetoka kama mvuke. Kila lita inayogeuka mvuke inaondoka na karibu theluthi mbili ya uniti, kwahiyo maji yakipungua sentimita moja tu kwenye jakuzi la ukubwa huo, ambayo ni lita 40, umepoteza kama uniti 27. Ndo maana mtu anatoka kava la inchi 4 anaenda la inchi 6 akitegemea luku itatulia, haitulii, ameongeza unene sehemu ambayo ilikuwa haimli na tundu bado liko palepale.

Tundu lenyewe mara nyingi ni mkunjo wa katikati. Makava mengi yamegawanyika nusu mbili ili yakunjike, na yale ya bei rahisi pale kati wameshona leza tu, ndani hakuna kitu, ukilikunjua inabaki njia ya kupitisha kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho na mvuke unatokea ncha mbili za mkunjo. Toka nje alfajiri ile ya baridi kabla jua halijagusa, angalia umande juu ya kava. Kava zima limeloa umande ila kuna mstari mkavu katikati, joto linapita hapo. Wa Makete na Njombe mnaoonaga barafu kwenye majani asubuhi ndo mnaona vizuri zaidi, barafu inaanza kuyeyuka penye tundu. Afu peleka kiganja kwenye ncha za mkunjo, ukisikia hewa ya moto umeshapata jibu.

Ikifuata ni pembeni. Chukua kipande cha karatasi, kiweke kwenye mdomo wa jakuzi, funika kava, kivute. Kikigoma kutoka ni vizuri, kikiteleza bila kushika pale pana nafasi. Zunguka jakuzi lote, kona zote, kona ndo zina tabia mbaya. Unaweza kukuta shida ni strapu zimelegea tu, kaza, umemaliza, hujatoa hata mia.

Ya tatu, povu limekunywa maji. Povu lililolowa halizuii tena baridi, linapitisha joto. Hiyo ina sehemu yake hapo chini.

Ya nne ni mazoea ya nyumbani. Wageni wanaingia saa mbili usiku, wanatoka saa tano wanaenda kulala, kava wanalirudisha nusu au hawalirudishi kabisa. Kwenye lodge hii ndo namba moja wala sio namba nne. Hakuna kava litakalokusaidia likiwa limeegemezwa ukutani.

Zikibaki ni mbavu za jakuzi zisizo na povu ndani, bomba zilizo wazi, na mwisho kabisa ndo hita na kipima joto. Kabla ya kuita fundi wa hita fanya hivi: bandika selotepu kwenye usawa wa maji jioni, funika, usitumie, asubuhi angalia. Maji yameshuka na sakafu ya nje kavu, ni mvuke huo, rudi kwenye kava. Maji yameshuka na chini kumeloa, bomba au pampu inavuja, hiyo ni habari nyingine. Maji hayajashuka, kava limekaza, na bado baridi, haya sasa mshuku hita.

Marekebisho ya mkunjo: fundi wa viti vya gari anaweza kukushonea mto mrefu mwembamba wa povu lisilonyonya maji, umefungwa kwenye nailoni nzito, unakaa ndani ya mkunjo toka ncha mpaka ncha. Na ongeza blanketi la mapovu linaloelea juu ya maji, chini ya kava kubwa, mapovu yakiangalia chini. Hili blanketi ndo hela ndogo inayofanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichotaja, linapunguza sana mvuke unaoinuka, kwahiyo luku inapumua na tumbo la kava linapumua. Ila usije ukatandika nailoni nyepesi ya kufungia mizigo, ile inavutwa na pampu, inaziba njia ya maji, pampu inaungua. Na watu wakiingia kuoga blanketi linatoka lote, usilikunje ukaliacha linaelea upande mmoja.

Acha, ita fundi: breka ikianguka kila hita ikiwaka, au ukisikia kama unatekenywa na umeme ukigusa maji au chuma cha pembeni. Zima mein suichi, usimruhusu mtu kugusa maji, tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Habari ya "we jaribu tena itakubali" hapo hamna.

KAVA LIMEKUWA ZITO, ZAMANI NILIKUWA NANYANYUA MWENYEWE

Hii ndo dalili ya wazi kuliko zote na ndo watu wanaizoea mpaka mgongo unauma. Kava haliongezeki uzito kwa uzee, limebeba maji.

Fungua zipu, toa povu, lipime. Mizani ya kupimia mahindi au viazi inatosha kabisa. Nusu moja ya kava la mita 2 kwa 2 lenye unene wa wastani wa inchi 4, povu lake likiwa kavu linatakiwa kuwa kilo 3 hadi 7 hivi kutegemea ubora. Ukikuta kilo 15, si chini ya nane ni maji, yaani kila siku unanyanyua ndoo pamoja na kava.

Yameingiaje? Mara nyingi ile nailoni inayozunguka povu imechanika au haikuzibwa vizuri kiwandani. Mvuke unapita kwenye leza ya chini, unakuta mwanya kwenye nailoni, unaingia kwenye povu, usiku unapoa unakuwa maji, na hayatoki. Kesho tena. Mwezi wa tatu mwezi wa nne kava limekuwa jiwe, mwenye nyumba analaani mvua za Tukuyu. Kagua kona na mahali nailoni ilipounganishwa, hapo ndo inaachia, na kagua alama za kucha kama una mbwa au paka anayependa kulala juu kwenye joto, wanapenda sana.

Sababu inayofuata ni vitobo vya kutolea maji kuzibwa. Chini ya kava kuna vitobo vidogo vyenye ringi, vimewekwa makusudi maji yaliyoingia kwenye leza yatoke. Kuna mafundi wakiviona wanavijaza silikoni, "mzee nimekuzibia matundu". Toa hiyo silikoni leo. Kama vimezibwa na vumbi na majani, kijiti cha kibiriti kinatosha.

Ikifuata ni zipu iliyobaki wazi au mshono uliofumuka upande wa juu, hapo sasa mvua inahusika kweli. Na mwisho kabisa ni povu lenyewe la magumashi, chembe zake hazijashikana, ukilivunja kidogo zinamwagika kama mtama.

Kulianika inasaidia? Kidogo. Toa povu, lisimamishe kivulini penye upepo, mwezi wa saba mpaka wa kumi hali ya hewa ya huku kavu inakubali, ligeuze, lipime tena kila wiki. Likishuka likarudi kwenye kilo 7 au 8, lifunge upya kwa nailoni nzito na uliunganishe vizuri, lina maisha. Likibaki juu ya kilo 10 usihangaike, utarudisha kava na baada ya muda mfupi uko palepale. Usilianike juu ya bati la moto wala karibu na jiko, povu hili likipata joto kali linajikunja na halirudi. Usitoboe matundu ili maji yatoke, kila tundu ni mlango mpya wa mvuke. Na usipake gundi ya viatu wala petroli wala tina kuunganisha povu lililovunjika, vinaliyeyusha pale pale unaangalia, tumia gundi ya maji au selotepu pana tu.

Povu bovu usilichome moto uani, moshi wake ni mweusi na una sumu. Na kava lililolowa lishikwe na watu wawili, mtu mmoja asijifanye bingwa, likikuponyoka nusu likitumbukia na nusu ikakupiga mkono ndo utajua.

KATIKATI LIMEBONYEA, MVUA IKINYESHA LINAKUWA BESENI

Kwanza uliza kama kuna mtu amekaa au mtoto amerukia. Utajibiwa hapana. Haya, fungua zipu uangalie.

Ndani ya kila nusu, upande wa mkunjo, kuna reli ya chuma inayobeba uzito wote wa katikati. Ikipinda, kava linabonyea, maji yanatuama, uzito unaongezeka, reli inapinda zaidi. Hiyo ndo sababu kubwa. Nyingine ni povu kulowa na kuzidiwa na uzito wake, na nyingine ni kava lililotengenezwa flati toka mwanzo. Kava zuri lina mteremko, katikati inchi 4 au 5 na pembeni inchi 2 au 3, ili maji yateremke yenyewe. Kwa mvua za Novemba mpaka Aprili, na kwa Rungwe hata miezi ambayo wengine wanakula vumbi, kava flati ni hela ya kutupa, sijui kwanini bado yanauzwa huku.

Reli unaweza kubadilisha. Ichomoe, peleka kwa fundi wa kuchomelea akutafutie chaneli ya bati la mabati yasiyoshika kutu ya upana uleule. Sio zile chaneli za kufungia jipsamu darini, ni nyembamba mno, zitapinda wiki hiyohiyo. Ncha zake zipigwe msasa na zifungwe selotepu nzito zisije zikatoboa nailoni, maana ukisahau hilo umetibu kubonyea umeleta uzito.

Mvua ya mawe ikipiga kava likabaki na mashimo madogomadogo juu, hayo ni ya sura tu kama leza haijapasuka, usiyaguse. Ila usije ukatega bati au turubai moja kwa moja juu ya kava kulikinga, jua likiwaka joto linajaa pale chini na povu linapinda. Kama unataka kinga jenga kipaa kidogo cha mbao na bati chenye nafasi ya hewa, paini ya Mafinga ipo, haitakushinda.

LINANUKA, LINA UKUNGU MWEUSI UPANDE WA CHINI

Anza na maji wala sio kava. Pima. CDC, taasisi ya afya ya Marekani, inashauri jakuzi liwe na klorini angalau miligramu 3 kwa lita na pH kati ya 7.0 na 7.8. Maji yakiwa chini ya hapo kava linafuga kila kitu, na bakteria wa Legionella (anayeleta homa ya mapafu) anapenda joto la nyuzi 25 mpaka 45, yaani humo humo mnamoogea. Kwahiyo harufu mbaya ukiambatanisha na mtu aliyeoga kuanza homa na kikohozi, jakuzi linafungwa, maji yanatolewa, mgonjwa anaenda hospitali na anamwambia daktari aliingia kwenye jakuzi. Hapo usianze kusugua kava kwanza.

Upande wa pili wa shilingi ni dawa kuzidi. Watu wanamwaga klorini ya unga nyingi jioni afu wanafunika hapo hapo. Gesi inabaki imefungiwa kati ya maji na tumbo la kava, inakula leza ya chini, inakuwa ngumu, inakatika kama karatasi. Ukiweka dozi kubwa acha kava wazi angalau nusu saa na pampu ikizunguka. Ukiona chini kumepauka na kukauka wakati juu bado kuzuri, hiyo ni dawa, hata ukibadilisha kava jipya nalo litakufa vilevile.

Kusafisha: toa povu, osha leza ndani nje kwa maji na sabuni laini kidogo ya vyombo, suuza sana maana sabuni ikirudi kwenye maji utapata mapovu mpaka uchoke, anika kivulini. Ukungu uliobaki futa kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza tena. Siki na klorini zisikutane hata kwenye ndoo moja, gesi inayotoka ni ya hatari. Harufu ikiwa inatoka kwenye povu lenyewe, ukilinusa linanuka matope, limekwisha hilo.

LEZA YA JUU IMEPAUKA NA INAPASUKA

Jua la huku linadanganya kwa sababu kuna baridi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe iko juu zaidi, mionzi huko ni mikali kuliko Dar hata kama unavaa sweta. Sababu ya kwanza ni leza ya sofa, ile ya ndani ya nyumba, haikutengenezwa kwa jua. Ya pili ni ile polishi ya dashibodi ya gari, watu wanaipenda kwa sababu kava linang'aa, lakini nyingi zina mafuta yanayokausha leza na kuikatisha. Tumia dawa ya kinga ya jua ya viti vya boti au plastiki za nje, isiyo na mafuta ya petroli, na uoshe vumbi mara kwa mara kiangazi.

Mpasuko mdogo unazibika kwa kiraka cha leza ya boti na gundi ya kuzibia mabwawa ya plastiki, ukipaka juu ya leza tu bila kugusa povu. Ukibonyeza kwa kidole inapasuka kila mahali, shona gamba jipya, povu kama ni kavu utalirudisha.

Na kama jakuzi liko chini ya mparachichi, we ndo umelitaka.

UPEPO UNALIINUA

Makambako mnajijua, na Iringa zile sehemu za juu pia. Cha kwanza klipu, ziko nne kawaida, mara nyingi mbili zimekatika na hakuna aliyesema. Cha pili kava limekuwa jepesi mno, povu la daraja la chini kabisa. Cha tatu sketi ya pembeni (ile leza inayoning'inia kuzunguka kava) ni fupi, upepo unaingia chini yake.

Jambo ambalo kila mtu anafanya na halifai: matofali juu ya kava. Yanatoboa leza, yanabonyeza povu, na siku upepo ukija kweli yanadondokea ndani na kupasua jakuzi. Nunua strapu mbili ndefu kama zile za kufungia mizigo kwenye gari, zipite juu ya kava kwa msalaba, zifungwe kwenye ringi zilizochimbiwa kwenye zege au kwenye fremu ya mbao. Usitoboe mwili wa jakuzi kufunga ringi bila kujua bomba zimepita wapi.

KAVA JIPYA LIMEFIKA NA HALIKAI

Karibu mara zote vipimo vilichukuliwa kwenye kava la zamani. Kava la zamani limenyauka au limevutika, usilipime. Pima mdomo wa jakuzi lenyewe, kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje, urefu na upana, na pima mishazari yote miwili, ikitofautiana jua jakuzi halijakaa mraba.

Kona ndo zinawashinda wengi. Weka rula mbili zilizonyooka kwenye pande mbili za kona mpaka zikutane hewani, afu pima kutoka zinapokutana mpaka pale mviringo unapoanza. Hiyo ndo nusu kipenyo (rediasi) ya kona, fundi au duka wataihitaji, ukiwatumia picha tu watakisia na utakisia nao. Kisha urefu wa sketi, kutoka mdomo kushuka, ukiangalia kama kuna ngazi, vifungo au kisanduku cha umeme kinachozuia. Na waambie linakunjika kuelekea wapi, usije ukapokea kava linalokunjukia ukutani. Andika kwa inchi, afu andika tena kwa sentimita pembeni, maana mzigo unatoka China unapitia Kariakoo na huko njiani namba zinachanganywa.

Likizidi kidogo pembeni sio shida. Likipungua hata kidogo rudisha, usikubali ile "litavutika".

UNANUNUA AU UNASHONESHA

Ukiwa dukani geuza kava. Leza ya chini iwe ngumu na imeshonwa vizuri kama ya juu. Fungua zipu, hakuna zipu usinunue, maana siku povu likilowa huna pa kuingilia. Angalia nailoni iliyozunguka povu, iwe nzito, imeunganishwa kwa joto pande zote, sio imebandikwa selotepu za ofisini. Kunja, chungulia mkunjo, uwe umejazwa toka ncha mpaka ncha. Halafu ndo uulize uzito wa povu kwa mita ya ujazo: kilo 16 ni la chini, kilo 24 linatosha nyumba nyingi, kilo 32 kwa lodge ambako kava linafunguliwa kutwa na wageni wasiojali. Unene wa inchi 4 kati kwa 2 au 3 pembeni unakutosha, hela ya kuongezea unene ipeleke kwenye mkunjo na blanketi la mapovu.

Kushonesha huku inawezekana na mi naipenda zaidi kama una fundi mtulivu. Mafundi viti vya gari wa Mwanjelwa, Mbeya, wana mashine inayopita leza nzito. Wape leza ya boti au ya viti vya nje, uzi wa poliesta, sio wa pamba, pamba unaoza. Povu liwe lile gumu jeupe kama la kwenye boksi za tivii lakini bonge zima lililokatwa kwa mteremko, na ukisikia fundi anakwambia sponji la godoro ni laini zaidi, chukua vitu vyako uondoke, sponji linanyonya maji yote ya jakuzi. Nailoni ya kufungia tumia ile ya msingi wa nyumba, geji 500 au 1,000, inapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, funga mara mbili, unganisha kwa pasi ukiweka karatasi kati, miunganiko iangalie juu mbali na mvuke.

KLIPU ZIMEKATIKA, WATOTO WANAWEZA KUFUNGUA

Hii sio ya kusubiri mwisho wa mwezi. Klipu mpya zinauzwa, hata za mabegi makubwa zinasaidia kwa siku mbili tatu, lakini za kudumu ziwe za kufunga kwa ufunguo, na ufunguo usiachwe umening'inia hapo hapo. Makava ya nje yaliyopimwa kwa usalama yana lebo ya ASTM F1346, kiwango cha Marekani, lisilokuwa nayo usilihesabu kama kizuizi cha mtoto hata kama linaonekana gumu. Blanketi la mapovu peke yake ndo hatari kabisa, mtoto anaona kama sakafu, akikanyaga linamfunika.

Reli ikiwa imepinda, au povu limelowa, au klipu chini ya nne zinafanya kazi, na nyumbani kuna watoto, zima breka ya jakuzi, toa maji yote, liache tupu na limefunikwa mpaka kava lingine lifike.